Apolo Kivebulaya wa Mboga: Mwalimu Aliyekwenda na Jembe

Ndugu wasomaji, wakimbizi wenzetu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia, Kamati imeona vema toleo hili la kumbukumbu libebe maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia utotoni, lakini habari zake hatukuwahi kuzisoma. Mtu huyo ni Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyefariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Makanisa ya Anglikana ya Kongo na ya Uganda humkumbuka kila mwaka siku hiyo.

Wale waliotoka upande wa Boga (ndiyo Mboga ya zamani) na Tchabi wanayo sababu nyingine ya kuikumbuka tarehe hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 vijiji hivyo vilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wameshakimbia makwao mara ya kwanza. Baada ya hapo wachungaji na walimu wa makanisa walitawanyika pamoja na kondoo wao. Wengine tunao hapa kambini. Ndiyo maana tumeyachagua maisha haya, kwa sababu mtu huyu alitumia karibu miaka arobaini akihangaikia jambo moja ambalo nasi tunalo mlangoni: ni nani anayemtunza mtu anayelitunza kanisa la kijijini?

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Alizaliwa mnamo mwaka 1864 huko Singo, katika nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume anayetangulia huitwa Waswa. Hilo ndilo lilikuwa jina lake la kwanza. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana aliwekwa kwa mganga ili ajifunze kazi hiyo, lakini alipoona hila zilizomo akaiacha. Alikaa kwa muda karibu na dini ya Kiislamu, iliyokuwa na nguvu katika jumba la Kabaka Mutesa, kisha akavutwa na mafundisho ya Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878.

Miaka hiyo haikuwa ya amani hata kidogo. Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akawaua wakristo wengi kati ya 1885 na 1887. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe akapinduliwa, na baada ya hapo watu wa dini mbalimbali wakapigana wao kwa wao mpaka mwaka 1892. Waswa alikuwa askari katika vita hivyo. Tunalisema wazi kwa sababu vitabu vingine vya zamani vinamchora kama mtu aliyezaliwa mpole. Alikuwa ameshika bunduki, na alikuwa ameona vijiji vikichomwa, kama wengi walioko hapa.

Alioa, mke wake akafariki mapema, naye hakuoa tena maisha yake yote. Alipobatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895 alichagua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi la kizungu. Lilianza kama jina la utani, likamshika hadi kaburini.

WALIMU WAWILI WALIOSHINDWA NA NJAA

Mwishoni mwa mwaka 1893 kanisa la Buganda liliamshwa upya, na kuanzia 1894 mamia ya Waganda walijitolea kwenda kufundisha kusoma na kuhubiri nje ya nchi yao. Walimu hao hawakulipwa kwa fedha ya Uingereza. Askofu Alfred Tucker alishikilia kwamba kanisa la Waafrika liwalishe watumishi wake lenyewe, kwa sadaka zake lenyewe. Sadaka zenyewe wakati huo zilikuwa simbi za kauri, vyakula, na nguo. Uamuzi huo una sifa yake, maana kanisa lilisimama kwa miguu yake tangu mwanzo. Lakini ulikuwa na upande mgumu pia, kwa kuwa mwalimu aliyepelekwa mahali ambapo bado hapana mkristo hata mmoja hakuwa na mtu wa kumtolea sadaka. Alikula kwa hisani ya mtawala wa mahali pale, na mtawala akifunga mkono, mwalimu hulala njaa.

Ndivyo ilivyotokea Mboga. Nchi hiyo iko ng'ambo ya mto Semliki, juu ya ukingo wa bonde, mahali ambapo malisho ya ng'ombe yanakutana na msitu mkubwa wa Ituri. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Mwaka 1896 walimu wawili Waganda, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walitoka Toro kwenda huko. Tabaro hakuwapiga wala hakuwafukuza kwa mikuki. Aliamuru wasipewe chakula. Wakavumilia, wakashindwa, wakarudi.

Hapo tunawaomba wasomaji wasiwahukumu haraka watu hao wawili. Watu husema mtumishi wa Mungu aliyeitwa kweli hawezi kurudi nyuma. Petero na Sedulaka walikuwa na imani ile ile kama mwenzao aliyewafuata. Walichokosa ni mlo. Hapa kambini tunao walimu wa makanisa wanaopata mgao ule ule wa kichwa kama kila mtu, wala si zaidi, na juu ya mgao huo wanagongewa mlango usiku kwa ajili ya maiti, kwa ajili ya mume na mke wanaopigana, kwa ajili ya mtoto aliyepotea. Mashirika nayo huwaita kwenye mikutano ili watangaze habari za kipindupindu au za chanjo, kwa sababu watu huwasikiliza. Mwalimu hutembea kilomita kadhaa, hutangaza, hurudi. Ni mara chache mtu kumwuliza kama nyumbani kwake wamepika.

Habari ya walimu hao ilipofika Toro, Apolo aliyekuwa akifundisha huko tangu 1895 akajitoa kwenda badala yao. Inasimuliwa kwamba alijipatia jembe kabla ya safari, na kwamba alilionyesha huko Mboga ili ijulikane kuwa amekuja na chakula chake mkononi. Akavuka milima upande wa kaskazini wa Rwenzori, akashuka bondeni, akavuka Semliki, akafika mwishoni mwa mwaka 1896.

Wahubiri wengi wameisimulia habari ya jembe kuonyesha ushujaa wake. Sisi tunaona ilikuwa akili zaidi. Aliuliza kwanza kilichowarudisha wenzake, kisha akaja amejiandaa kwa jambo hilo hilo.

MATESO NA GEREZA

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Watu walikuja kusoma, nyumba ya ibada ikajengwa, wengine wakabatizwa. Kisha Tabaro akageuka, maana mafundisho ya Apolo yaligusa ulevi, hirizi na wingi wa wake, yaani nyumba yenyewe ya mtawala. Apolo alipigwa vibaya, na nyumba yake ikachomwa.

Kisha ikaja ajali iliyomtia matatani kabisa. Majani yalikuwa yakikusanywa kwa ajili ya ujenzi, na mkuki wa Apolo ulikuwa umeachwa katika majani. Dada yake Tabaro akauangukia, akafa. Tabaro akasema ameuawa. Apolo akafungwa, akapelekwa Toro kwa afisa wa Kiingereza na kutiwa gerezani kwa minyororo. Baadaye alionekana hana hatia ya kuua, akaachiliwa.

Katika siku hizo za mateso alipata maono ambayo aliyasimulia mpaka uzee wake. Alimwona Kristo amesimama, anang'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Kila msomaji atayapokea maono hayo kwa imani yake. Kwa maisha ya Apolo matokeo yake ni jambo la historia, kwani mtu aliyekuwa na kila sababu ya kubaki Toro alirudi Mboga kwa Tabaro yule yule. Kanisa halikuwa limekufa. Na Tabaro mwenyewe mwishowe alibatizwa, akaitwa Paulo, akawa msaada kwa kazi ile. Mtu aliyewanyima walimu wawili chakula akawa miongoni mwa waliolilinda kanisa.

MIAKA YA TORO

Askofu Tucker alimfanya Apolo kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi iliyofuata alitumika zaidi Toro, akihamishwa hapa na pale, akiwa na vituo vingi vya kusomea chini yake na walimu wa kuvisimamia. Miaka hii haisimuliwi sana kwa sababu haina gereza wala mkuki. Lakini ndiyo iliyomfundisha kazi. Mwalimu wa kituo alikuwa kijana anayejua kusoma na sala chache, amewekwa kijiji asichozaliwa, katikati ya wazee waliomzidi umri. Akikaa miezi bila kutembelewa huanza kupoa. Wengine huingia kwenye pombe, wengine hurudi kwao kimya kimya.

Walimu wa Kiganda walikuwa na ugumu mwingine wa kwao. Katika nchi nyingi za magharibi ya Uganda walionekana kama wageni wanaokuja kutawala, wanaodharau lugha na desturi za wenyeji, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo yote. Toro ilidai vitabu kwa lugha yake badala ya Kiganda. Apolo alikuwa Mganda kweli kweli, na kumbukumbu zake za kila siku aliziandika kwa Kiganda. Lakini alikaa ugenini muda mrefu kiasi cha kujua kwamba kanisa la mahali halitadumu likiongozwa na walimu wa kuletwa peke yao. Lazima wapatikane wana wa mahali pale.

KURUDI MBOGA

Mwaka 1910 mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya mpaka mpya, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu hawakuhama hata hatua moja, lakini wakajikuta katika nchi nyingine. Sisi tunaijua hali hiyo. Kanisa la Mboga likabaki limekatwa na mama yake wa Toro, katika nchi ambamo wamisionari wa Kianglikana hawakuwa na kituo. Mnamo mwaka 1915 Apolo, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, aliomba kurudi huko, akarudi, akakaa mpaka kufa.

Hapo ndipo tunapomwona vizuri zaidi. Hakuwa na chuo. Hakuwa na fedha za kutosha kulipa walimu, na hapakuwa na askofu wa kumwendea kirahisi. Alichokuwa nacho ni nyumba. Kwa kuwa hakuwa na mke wala watoto, aliijaza nyumba hiyo vijana. Waliishi naye, wakalima naye, wakala naye, wakajifunza kusoma na kufundisha, kisha akawatuma mmoja mmoja mahali ambapo watu wameomba mwalimu. Mmoja wa vijana hao, Nasani Kabarole, alikuja kuwa kasisi baada yake. Hivyo Apolo aliwajua walimu wake toka utotoni. Alijua nani ana hasira, nani anaogopa msitu, nani ana mama mzee anayemtegemea.

Baada ya kuwatuma aliwafuata. Alitembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, juu ya ukingo na ndani ya msitu, akiwa mzee ambaye wenzake wa umri huo walikuwa wameshakaa barazani. Kumtembelea mwalimu kulikuwa na maana kubwa kuliko kumkagua. Mzee akifika, akalala katika kibanda cha kijana, akala alichonacho, kesho yake akaketi naye mbele ya wazee wa kijiji, wazee hao huanza kumwona kijana kuwa ana watu nyuma yake. Pale kambini kwetu mgeni mwenye gari huketi na viongozi wakuu, huondoka saa kumi, na mwalimu wa kijiji cha mwisho humwona vumbi lake tu.

Posho yake alikuwa mwepesi wa kuigawa. Wote walioandika habari zake wanakubaliana kwamba hakujiwekea mali. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa mwafrika wa wakati ule. Angeweza kurudi Buganda akaheshimiwa na kuzeekea kwao. Alipokea heshima hiyo, akarudi msituni.

Ni katika miaka hiyo, kuanzia 1921 hivi, alipoanza kazi kati ya Wambuti, watu wa msituni ambao majirani waliwadharau na mpaka leo wengine huwaita kwa majina yasiyofaa. Aliwaendea katika makambi yao, akawapelekea walimu, nao wakaanza kusoma. Wazungu waliposikia walishangaa sana, na vitabu vilivyochapwa Uingereza juu ya Apolo viliweka habari ya Wambuti mbele ya yote. Kwa maoni yetu vitabu hivyo vimewasahau wale vijana waliobaki na Wambuti baada ya mzee kuondoka, waliohama nao msimu kwa msimu. Majina ya wengi wao hayakuchapwa popote.

Hatuwezi kusema kwamba alifanikiwa kwa wote. Kazi iliyotegemea nyumba moja na miguu ya mtu mmoja ina hatari yake, kwa kuwa mtu huzeeka. Alipoanza kuugua, vituo vilikuwa vingi na waliowekewa mikono walikuwa wachache mno, na kwa miaka mingi baadaye kanisa hilo lilikuwa dogo, lenye walimu wengi na makasisi wa kuhesabika. Mtu angeweza kulaumu. Lakini lilikuwa kanisa ambalo halikungoja mtu wa nje ili Jumapili liimbe. Boga ilipata dayosisi yake mwaka 1972, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana la Zaire, ndiyo Kongo ya leo, likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake, Patrice Njojo, mwana wa Boga.

Tunaandika haya kwa ajili ya wale wanaouliza makanisa ya hapa kambini yalianzaje kabla ya turubai ya kwanza kugawiwa. Yalianza chini ya miti, wiki ile ile ya kufika, kwa sababu walimu walikuwa wamevuka pamoja na watu. Wengine hawakuwa na Biblia wala cheti cha kuthibitisha kwamba wamewekewa mikono. Vilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Kamati imesikia ubishi juu ya nani ni mchungaji wa kweli na nani amejiita, na ubishi huo si mdogo, maana wapo waliojiita. Lakini Apolo alikwenda Mboga mwaka 1896 akiwa hajawekewa mikono na askofu yeyote. Alikuwa mwalimu tu. Watu walimjua kwa kuwa alikuwepo kila asubuhi.

KIFO CHAKE

Mwanzoni mwa mwaka 1933 nguvu zilikuwa zimemwishia. Alitaka kufia Mboga, na ndivyo ilivyokuwa, tarehe 30 Mei. Alikuwa na umri wa karibu miaka sabini.

Kabla ya kufa aliacha agizo juu ya kaburi lake ambalo liliwashangaza waliolisikia. Desturi ilitaka mtu alazwe kichwa kikielekea kwao, na kwao Apolo ni mashariki, Buganda, ng'ambo ya Semliki na milima. Yeye akaagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa bado haijaisha na watu wake waliendelea kwenda huko. Walimu wake wakamchimbia hivyo, wakamlaza hivyo, na baada ya mazishi wakarudi kila mtu kituoni kwake.